Mtu wa Kiti cha Nyuma

Anayeketi kiti cha nyuma cha ndege ya kivita ya MiG-31 haoni mbele. Kushoto na kulia ana vidirisha vidogo. Usoni ana ukuta wa vyombo, na nyuma ya ukuta huo ndiko aliko rubani. Siku za mafunzo, mwalimu akikaa pale, huinuliwa periskopu juu ya paa ili apate kuchungulia njia. Siku za kazi periskopu haina haja. Anachokitafuta yule mtu hakionekani kwa jicho: kiko kilomita mia na zaidi mbele yake, chini ya mawingu, pengine katika usiku wa kaskazini ya mbali ambao hudumu majuma mengi bila jua kuchomoza, naye anakiona kama alama tu kwenye skrini.

Wapenzi wa ndege huisifu MiG-31 kwa mbio. Hufikia kilomita 3,000 kwa saa ikiwa juu, na hata ikishuka karibu na ardhi hufika 1,500. Sifa hizo ni za kweli, ila nyingi ni za kurithi. Kaka yake mkubwa, MiG-25, alikuwa na mbio za namna hiyo miaka kumi na moja kabla ya ndege hii kurushwa kwa mara ya kwanza. Kilichokuwa kipya ni yule mtu wa nyuma, na chombo alichokabidhiwa. Nionavyo mimi, mengine yote katika ndege hii yalifanywa kwa ajili ya kumbeba yeye.

Kisa chenyewe kinaanza 1 Mei 1960, siku kombora la kisovyeti la S-75 lilipoiangusha U-2, ndege ya ujasusi ya Marekani iliyokuwa ikiendeshwa na Francis Gary Powers, juu ya milima ya Ural. Hadi siku hiyo wakubwa wa anga wa pande zote mbili waliamini jambo moja: ruka juu, ruka kasi, na hakuna atakayekugusa. Kwa imani hiyo Wamarekani walikuwa wakiunda B-70 Valkyrie, ndege ya mabomu ya kwenda mara tatu ya kasi ya sauti. Kwa hofu ya B-70 na ndege za ujasusi zilizofanana nayo, ofisi ya usanifu ya Artem Mikoyan mjini Moscow ikaanza kuunda MiG-25: jitu la chuma chenye nikeli, lililounganishwa kwa kuchomelewa, maana aluminiamu ya kawaida isingevumilia joto la msuguano wa hewa kwa mbio zile. Iliruka mara ya kwanza Machi 1964. B-70 nayo iliruka Septemba mwaka huo huo, ila wakati huo Washington ilikuwa imekwisha kuifuta katika mipango ya vita, zikabaki mbili tu za utafiti. Ndege ya kumkamata mwizi ikawa tayari wakati mwizi ameshabadili njia.

Njia mpya ilikuwa ya chini. Baada ya Powers, marubani wa mabomu wa Marekani walijizoeza kupita karibu na ardhi, wakijificha nyuma ya vilima na mviringo wa dunia ili rada zisiwaone. Hapo MiG-25 ilikuwa kama haipo. Rada yake ilikuwa na nguvu ya kutisha, lakini ikielekezwa chini, ardhi yote ilirudisha mwangwi, na ndege ya adui ikapotea ndani ya kelele hizo. Zaidi ya hapo ilikuwa na kiu. Injini zake zilitengenezwa kwa mbio za juu. Ukiziendesha taratibu zinakunywa mafuta bila faida, na rubani wake alikuwa mmoja, akifuata maelekezo ya mtu wa rada aliye ardhini.

Huyo wa ardhini ndiye tatizo la pili, na ili kulielewa inafaa kuutazama mpira wa ramani ya dunia kutoka juu kabisa, si kutoka ubavuni kama tulivyozoea darasani. Kutoka huko, Marekani na Urusi ni majirani wanaotazamana juu ya bahari ya barafu. Ndege ya B-52 inayotoka Amerika kwenda kuishambulia Urusi haipiti Ulaya. Inakatiza Ncha ya Kaskazini. Na pwani ya kaskazini ya Urusi, kuanzia rasi ya Kola hadi mlango wa bahari wa Bering, ni maelfu ya kilomita ambako ardhi imeganda mwaka mzima, viwanja vya ndege ni vichache na vituo vya rada viko mbalimbali. Katika maeneo makubwa hapakuwa na mtu wa ardhini wa kumwelekeza rubani. Ilibidi ndege ijitafutie yenyewe.

Wasovyeti walikuwa na jibu la muda, Tu-128 ya ofisi ya Tupolev, ambayo nadhani haijapewa heshima inayostahili. Ilikuwa na urefu wa mita 30, uzito wa zaidi ya tani 40, na watu wawili ndani. Hakuna ndege ya kivita ya kupambana na ndege nyingine iliyopata kuingia jeshini ikiwa kubwa kuliko hiyo. Ilidumu sana angani, na ilifundisha kizazi kizima cha maofisa wa kiti cha nyuma namna ya kufanya kazi juu ya barafu. Lakini haikuwa na mbio za kutosha, na rada yake haikuweza kutazama chini. Kwa hiyo tarehe 24 Mei 1968 serikali ilitoa amri ya kuunda ndege mpya yenye mbio za MiG-25, ukaaji wa Tu-128, na rada ambayo haikuwa bado imetengenezwa popote duniani ndani ya ndege ya kivita.

Kazi ilipewa jina la Ye-155MP, na kwa miaka yake ya msingi iliongozwa na Gleb Lozino-Lozinsky, mtu ambaye kichwa chake daima kilikuwa juu kidogo ya anga la kawaida. Wakati huo huo alikuwa akisimamia Spiral, mradi wa ndege ndogo ya kwenda anga za mbali. Mwaka 1976 aliondoka Mikoyan kwenda kuongoza ujenzi wa Buran, chombo kilichozunguka dunia Novemba 1988 na kutua chenyewe bila mtu yeyote ndani. Ni jambo la kuchekesha kidogo kwamba mhandisi aliyeifanya ndege ya kivita ihitaji mtu wa pili alimalizia kazi zake kubwa kwa kuwaondoa wote.

Mwanzoni wasanifu walicheza na maumbo mengi, pamoja na bawa la kukunjuka na kurudi nyuma, jambo lililokuwa mtindo wa siku hizo. Mwishowe wakarudi kwenye umbo la MiG-25, kwa sababu lilikuwa limekwisha kuthibitishwa kwa mara mbili na nusu ya kasi ya sauti na zaidi. Ukiziona ndege hizi mbili kwa mbali unaweza kudhani ni moja. Ukikaribia unakuta karibu kila kitu kimebadilishwa.

Chuma kilipunguzwa hadi karibu nusu ya umbo zima, kutoka asilimia 80 ya MiG-25. Theluthi moja ikawa aluminiamu, na titani ikafika asilimia 16. Injini zilitoka katika ofisi ya Pavel Solovyov mjini Perm, na asili yake inashangaza: D-30F6 ni mzawa wa injini iliyokuwa ikisukuma Tu-134, ndege ya abiria iliyobeba watu wa likizo kwenda pwani ya Bahari Nyeusi. Sababu ni ya kiuchumi. Katika injini ya aina hiyo sehemu ya hewa hupita kando ya kiini bila kuchomwa, kwa hiyo ndege ikienda taratibu inatumia mafuta kidogo. Wahandisi wa Perm waliongeza nyuma yake chumba cha kumwaga na kuchoma mafuta ya ziada, na kila injini ikatoa msukumo wa kilo 15,500. Ndani ya mwili yakaingia mafuta zaidi ya tani 16. Ndege ikijaa kila kitu hufikia tani 46, zaidi ya mara mbili ya uzito wake ikiwa tupu.

Uzito huo wote lazima utue mahali fulani, na mahali penyewe mara nyingi ni uwanja wenye theluji na barafu. Kwa hiyo kila mguu mkuu ulipewa magurudumu mawili, moja mbele na jingine nyuma, lakini hayakuwekwa mstari mmoja: la nyuma lilisogezwa pembeni ili lisipite juu ya alama ya la mbele. Hivyo uzito unagawanywa kwenye mistari minne badala ya miwili, na ndege haizami. Katika maonyesho watu huipiga picha pua yake na mikia yake miwili mirefu. Mimi ningewashauri wainame watazame magurudumu.

Sasa rada. Rada ya kawaida ya siku zile ilikuwa sahani inayogeuzwa na mota: kushoto, kulia, juu, chini, kama mtu anayemulika kurunzi. Ikitaka kufuatilia ndege moja kwa makini, inazipoteza nyingine. Taasisi ya utafiti ya vyombo iliyoko Zhukovsky, nje ya Moscow, ambayo leo inaitwa kwa jina la Viktor Tikhomirov, ilileta kitu tofauti. Sahani yao, yenye kipenyo cha mita 1.1, haigeuki. Imejaa vipande vidogo zaidi ya elfu moja, na kwa kuchelewesha mawimbi kidogo katika kimoja na kuyawahisha katika kingine, umeme wenyewe unaupinda mwali wa rada kwenda kokote katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Mwali unaweza kugusa ndege hii, ukaruka kwa ile, ukarudi, kabla hata sahani ya zamani haijaanza kujigeuza. Waliiita Zaslon. Seti nzima ilikuwa na uzito wa karibu tani moja, na hakuna ndege ya kivita duniani iliyokuwa nayo kabla ya hii. Wamarekani walikuwa na F-14, ndege bora yenye watu wawili na kombora la Phoenix, iliyoweza kufuatilia ndege nyingi kwa pamoja; lakini sahani yake ilikuwa bado ya kugeuzwa na mota.

Kwa chombo kama hicho kiti cha pili kiliacha kuwa anasa. Rubani aliyekuwa akiongoza tani arobaini kwa kilomita elfu mbili kwa saa hakuweza wakati huo huo kupanga ni ndege ipi kati ya kumi ipigwe kwanza, ipi ni rafiki, ipi ni mwangwi wa mlima, na hapo hapo akumbuke uwanja wa kurudi uko wapi mahali ambapo dira ya sumaku yenyewe haitegemeki.

Ndege ya kwanza ya majaribio, iliyoandikwa 831 kwa rangi ya buluu, iliruka tarehe 16 Septemba 1975. Aliyeushika usukani alikuwa Aleksandr Fedotov, rubani mkuu wa majaribio wa Mikoyan, Shujaa wa Umoja wa Kisovyeti, aliyekuwa amezoea kufanya mambo ambayo wengine wanayasoma tu. Miaka miwili baadaye, Agosti 1977, aliipandisha MiG-25 iliyofanyiwa marekebisho hadi mita 37,650, na rekodi hiyo ya ndege inayopaa kwa nguvu zake yenyewe kutoka ardhini haijavunjwa mpaka leo. Ndege ya pili, 832, ilifuata mwaka 1976, na baada yake kundi dogo la ndege za kujaribia kutoka kiwanda cha Gorky, mji ambao siku hizi umerudia jina lake la Nizhny Novgorod.

Katikati ya majaribio hayo kukatokea fedheha. Tarehe 6 Septemba 1976 Luteni Viktor Belenko alipaa na MiG-25 yake kutoka Chuguyevka, mashariki ya mbali ya Urusi, akajitenga na wenzake, akavuka bahari kwa chini sana na kutua Hakodate, Japani, ambako njia ya kutulia ilimwishia kabla hajasimama. Wajapani na Wamarekani waliifungua ndege ile kipande kwa kipande, kisha wakairudisha ndani ya masanduku. Yale yaliyowatia wasiwasi Wamarekani kwa miaka mingi, waliyaona sasa mezani: chuma kizito na rada ya taa za kizamani. Wengi walicheka. Lakini Belenko aliwaambia pia kwamba inatengenezwa MiG-25 nyingine, kubwa zaidi, ya watu wawili. Wakati anayasema hayo, 831 ilikuwa imekwisha kuruka karibu mwaka mzima. Moscow nayo ilijua kwamba siri zote za rada ya MiG-25 zimekwenda; ikaiwekea ndege hiyo rada nyingine, na haraka ya kumaliza Zaslon ikaongezeka.

Tarehe 15 Februari 1978 ndege ya majaribio iligundua na kufuatilia shabaha kumi kwa pamoja. Agosti mwaka huo ikarusha makombora manne kwa shabaha nne kwa wakati mmoja. Kombora lenyewe, R-33, lina uzito wa karibu nusu tani na masafa ya kilomita 120. Manne hulala chini ya tumbo la ndege, nusu yamezama ndani ya mwili ili yasikinzane na hewa, na wakati wa kurushwa husukumwa chini kwa nguvu kabla injini zake hazijawaka. Halijiongozi lenyewe mpaka mwisho. Linahitaji rada ya ndege iendelee kuimulika shabaha. Ndiyo maana mwali wa kuruka kutoka hapa hadi pale ulikuwa na maana kubwa: unaimulika ya kwanza kidogo, ya pili kidogo, ya tatu, ya nne, unarudi ya kwanza, na makombora yote manne yanajiona yana mlinzi.

Jambo jingine lilikuwa la ushirika, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa mbele ya wakati kuliko yote. MiG-31 nne zinaweza kupangwa mstari mmoja, kilomita 200 kati ya moja na nyingine, huku vyombo vyao vikibadilishana habari bila maneno. Anachokiona mmoja wanakiona wote. Kwa pamoja wanafagia anga lenye upana wa kilomita 800 au 900, kama wavuvi wa juya wanavyoizunguka ghuba nzima kwa wavu mmoja. Ndege ya kiongozi hugawa kazi: wewe piga ile, wewe ile. Kwa maneno mengine, yule mtu wa ardhini aliyekosekana kule kwenye barafu alipandishwa angani, akaketi kiti cha nyuma.

Majaribio hayakuwa ya bure. Injini mpya zilisumbua, ndege zilipotea, na rubani mashuhuri Pyotr Ostapenko ni miongoni mwa waliolazimika kujirusha nje kwa viti vya dharura. Ndege ilikwisha kuingia rasmi katika ulinzi wa anga tarehe 6 Mei 1981, lakini kazi ya kuijaribu iliendelea, na tarehe 4 Aprili 1984 ikamchukua Fedotov mwenyewe. Alikuwa ndani ya MiG-31 pamoja na ofisa wake wa kiti cha nyuma, Valery Zaytsev. Vyombo vilionyesha kwamba mafuta yanaisha ghafla; ndege, ikiwa bado nzito, ikapoteza udhibiti wakati wakikimbilia kurudi uwanjani. Mtu aliyefika kilomita 37 juu alikufa karibu na nyumbani, na mwenzake pamoja naye.

Vikosi vya kwanza vilikuwa karibu na kiwanda, Pravdinsk, kisha ndege zikatawanywa kaskazini na mashariki: Monchegorsk katika Kola, Amderma kwenye pwani ya barafu, na Sakhalin, ambako Septemba 1983 ndege ya zamani ya Su-15 ilikuwa imeidungua ndege ya abiria ya Korea Kusini na kuua watu 269. Nchi za Magharibi zilikuwa zimekwisha kuibandika jina la Foxhound, lakini hazikupata picha nzuri ya karibu mpaka mwaka 1985, ilipopigwa na rubani wa Norwe aliyekutana nayo juu ya bahari ya kaskazini. Watu wa kawaida waliiona Juni 1991 katika maonyesho ya Paris, Warusi walipoiegesha hadharani na wageni wakapita wakiishangaa sahani ya Zaslon.

Kwa majasusi, hata hivyo, haikuwa siri tena kwa miaka mingi. Adolf Tolkachev, mhandisi katika taasisi ya rada ya Phazotron mjini Moscow, alikuwa akizipiga picha nyaraka za kazini na kuwapa Wamarekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, habari za rada na makombora ya ndege mpya, MiG-31 ikiwemo. Alikamatwa Juni 1985 na kuhukumiwa kifo. Adhabu hiyo ilitekelezwa mwaka 1986, lakini haikumrudishia mtu siri zake. Belenko alikuwa ameiba ndege moja akaiharibia sifa MiG-25. Tolkachev hakuiba hata msumari, lakini baada yake Wasovyeti walilazimika kuibadili rada ya ndege nzima, na toleo la MiG-31B likazaliwa kutokana na hasara hiyo.

Wakati huo katika banda la Mikoyan zilikuwapo familia mbili za ndege za majaribio ambazo, kama historia ingekwenda kwa utaratibu wa wahandisi, leo tungekuwa tukizijua zaidi.

Ya kwanza ni MiG-31M. Iliruka mara ya kwanza tarehe 21 Desemba 1985, na namba zake zilianzia 051. Kwa nje ilikuwa nene zaidi mgongoni, yenye kioo cha mbele kisichogawanywa. Ndani ilikuwa karibu ndege mpya. Sahani ya rada ilipanuliwa hadi mita 1.4, bunduki ya mitutu sita iliondolewa, chini ya tumbo yakaingia makombora sita ya R-37 badala ya manne ya R-33. Mwaka 1994 mojawapo ilirusha R-37 na kuiangusha shabaha umbali wa kilomita 300, jambo ambalo hakuna ndege ya kivita iliyokuwa imelifanya. Lakini nchi iliyoiagiza ilikuwa imekufa miaka mitatu kabla. Februari 1992 ndege hiyo ilikuwa imeonyeshwa kwa viongozi wa jamhuri mpya katika uwanja wa Machulishchi karibu na Minsk. Walitazama, wakaondoka. Maji yalikuwa yamezidi unga: hazina tupu, mishahara ya maofisa yacheleweshwa, na kiwanda cha Nizhny Novgorod kikaacha kabisa kutengeneza MiG-31 mwaka 1994, baada ya ndege zipatazo 500. MiG-31M zikabaki chache za majaribio.

Ya pili ni MiG-31D, na hii ni ya ajabu zaidi. Septemba 1985 ndege ya F-15 ya Marekani ilirusha kombora lililoipiga setilaiti angani. Moscow ilikuwa na mpango wake wa namna hiyo, na tarehe 17 Januari 1987 rubani Aviard Fastovets akairusha 071, ya kwanza kati ya mbili. Kwenye ncha za mabawa zilikuwa na vibao vya pembetatu vya kuituliza ndege, kwa sababu chini ya tumbo ilitakiwa kubeba kombora moja kubwa sana. Puani hapakuwa na Zaslon. Mahali pake paliwekwa uzito wa kusawazisha tu. Adui wa ndege hii alikuwa mamia ya kilomita juu, naye huonekana na rada kubwa za ardhini, si za ndege. Zilipelekwa Sary Shagan, Kazakhstan, kwa majaribio. Umoja wa Kisovyeti ulipovunjika zilibaki huko huko, katika nchi ambayo haikuwa na setilaiti ya kuipiga wala sababu ya kuipiga. Baadaye likazuka wazo, lililopewa jina la Ishim, la kuzitumia kurusha setilaiti ndogo kwenda anga za mbali. Nalo halikufika popote. Mwaka 2023 Kazakhstan iliweka ndege zake kuukuu za kisovyeti mnadani, MiG-31 zikiwemo.

Lakini wazo la 071, la MiG-31 kama punda wa kupandisha kombora moja kubwa juu na kwa kasi kisha kuliachia, halikufa. Tarehe 1 Machi 2018 Vladimir Putin aliitangazia dunia kombora la Kinzhal, na katika filamu aliyoionyesha lilikuwa limening'inia chini ya tumbo la MiG-31. Toleo hilo linaitwa MiG-31K. Halichukui makombora ya kupigana na ndege nyingine. Kazi yake ni kupiga vitu vya ardhini. Katika vita vya Ukraine vilivyopanuka Februari 2022, kupaa kwa MiG-31K peke yake, hata kama haijarusha chochote, kumetosha kuliza ving'ora karibu nchi nzima, kwa sababu hakuna anayejua Kinzhal litaelekezwa wapi. Ndege iliyoagizwa mwaka 1968 kuyazuia mabomu ya wengine yasiifikie miji ya Urusi imegeuzwa kuwa mbebaji wa makombora yanayoifikia miji ya jirani.

Zile nyingine, zilizoboreshwa kuwa MiG-31BM kuanzia mwisho wa miaka ya 2000, zimebaki na kazi yao ya asili kwa namna fulani. Zina rada iliyoimarishwa na kombora la R-37M, mjukuu wa lile lililojaribiwa kwenye MiG-31M mwaka 1994. Zikizunguka ndani ya anga la Urusi zimekuwa zikiwarushia marubani wa Ukraine kutoka mbali kiasi kwamba wao hawana la kuzijibu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake marefu, mtu wa kiti cha nyuma anaifanya vitani kazi aliyotengenezewa. Na wengi wa anaowafuata kwenye skrini wanarusha MiG-29 na Su-27, ndege zilizotoka katika nchi ile ile, miaka ile ile, nyingine kutoka ofisi ile ile ya usanifu.

Urusi imekuwa ikizungumzia mrithi, mradi unaoitwa PAK DP, ambao magazeti yameupachika jina la MiG-41. Hakuna ndege ya majaribio iliyoonyeshwa. Zinazoruka leo zote zimeundwa kabla ya 1995. Zinaweza kuongezewa skrini mpya, rada mpya na makombora mapya, lakini mwili wenyewe, ule wa chuma na titani uliochomelewa Gorky, hautengenezwi tena popote. Kila moja inayoanguka inapunguza hesabu, na viti viwili vinaondoka nayo.